Mbuzi Anayekula Gazeti: jinsi ya kutengeneza kikaragosi kinachofanya kazi kwa sarafu

Maswali ni yaleyale kila mara. Nitumie mota gani? Betri ya volti ngapi? Sarafu inawashaje mashine? Jibu la yote matatu ni moja: hakuna mota, hakuna betri, na sarafu haiwashi kitu. Anayezungusha mkono wa mashine ndiye mota. Sarafu inafungua kufuli tu, mzunguko mmoja, kisha kufuli linajifunga lenyewe.

Tutatengeneza kisanduku chenye mzee aliyeketi kwenye benchi anasoma gazeti. Akiliinua gazeti usoni, mbuzi aliye nyuma ya bega lake anainama na kulitafuna kwa juu. Mbuzi anarudi mahali pake, gazeti linashuka ghafla, mzee anageuza kichwa kumtazama mbuzi, na mbuzi ametulia kama hahusiki. Basi. Hicho ndicho mtu analipia.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu kina miondoko mitatu tu, na kila mmoja unakufundisha njia tofauti ya kuhamisha mwendo. Ukikimaliza unaweza kubadili wahusika utakavyo.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Plaiwudi ya milimita 9. Robo ya shiti inatosha na kubaki.
- Mpini wa ufagio ulionyooka, sentimita 40. Uviringishe mezani kwanza. Ukirukaruka, tafuta mwingine.
- Spoki tano au sita za baiskeli. Fundi baiskeli yeyote anazo zilizotupwa.
- Vijiti viwili vya mraba vya milimita 8, kila kimoja sentimita 20.
- Kopo tupu la maziwa kwa ajili ya bati, na kipande cha dumu la plastiki.
- Bolti mbili za milimita 6: moja ndefu, sentimita 8, yenye nati kama kumi, nyingine fupi.
- Kipande cha tyubu ya baiskeli, mipira ya kufungia noti, kipande cha blanketi kuukuu, mshumaa.
- Gundi nyeupe ya mbao, skrubu ndogo, misumari, msasa mkali na laini.
- Msumeno mwembamba unaoweza kukata kona, drili, plaisi, tupa, rula ya milimita na bikari.
- Sarafu kumi za aina moja, mpya na zilizochakaa zikichanganyika. Kwa Tanzania napendelea ya shilingi 500, kwa sababu ni kubwa na nzito kuliko nyingine. Kenya, tumia ya 20.

Kama utotoni ulitengeneza magari ya waya, nusu ya ufundi huu tayari unao mkononi.

Hatua ya 1: Igiza kisa kwa mikono

Kata mzee, gazeti na mbuzi kwa karatasi ngumu. Vichezeshe mezani mbele ya mtu asiyejua unachokusudia. Asipocheka, hakuna mtambo utakaomchekesha. Angalia hasa ni wapi ulisimama kidogo kabla ya tendo linalofuata, maana pale pa kusimama ndipo uhai wa kisa ulipo. Wanaoanza hujaza sanduku miondoko inayokwenda bila kupumua, na mtazamaji hajui aangalie wapi.

Hatua ya 2: Sanduku

Kata plaiwudi upate sanduku lenye upana wa sentimita 30, kina 26 na kimo 25. Upande wa mbele uache wazi kwa sasa. Juu ndipo jukwaani. Paa hilo lishike kwa skrubu, si gundi, kwa sababu utalifungua mara nyingi.

Toboa ubavu wa kushoto na wa kulia tundu la shafti, yaani ule mpini wa ufagio utakaozunguka: sentimita 15 kutoka sakafuni, sentimita 10 kutoka mbele. Ziweke mbao mbili pamoja na uzitoboe kwa mpigo mmoja ili matundu yalingane. Tundu liwe kubwa kuliko mpini kwa milimita moja.

Tahadhari: usipake mafuta kwenye mbao. Mbao huvimba na shafti hukwama. Sugua mshumaa.

Hatua ya 3: Ratiba ya sehemu 12

Hapa ndipo wengi hurukia msumeno. Usiruke. Chora duara na uligawe sehemu 12 sawa. Mzunguko mmoja wa mkono ni safari ya kutoka 0 hadi 12:

- 0 hadi 1: kimya. Mzee anaonekana uso.
- 1 hadi 3: gazeti linapanda. Linakaa juu mpaka 9.
- 3 hadi 5: mbuzi anainama.
- 5 hadi 6: anabaki hapo hapo.
- 6 hadi 8: anarudi taratibu.
- 9: gazeti linaanguka ghafla.
- 10: kichwa cha mzee kinageuka na kurudi.
- 12: kufuli.

Ule mwanya wa kati ya 8 na 9, ambapo hakuna kinachotokea, usiuondoe hata ukiuona mrefu.

Hatua ya 4: Kata kemu mbili

Kemu ni kipande kisicho duara kamili. Kikizunguka kinanyanyua kilicho juu yake, kama zile za kemshafti ya injini. Si jambo geni: Aljazari, fundi wa Diyarbakır aliyemaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alikuwa akitumia shafti zenye kemu kuchezesha sanamu.

Kwenye plaiwudi chora duara la nusu kipenyo milimita 20 na jingine la milimita 40, kitovu kimoja. Mahali ambapo ratiba inasema "chini", fuata duara dogo. "Juu", fuata kubwa. Kati yao unganisha kwa mteremko laini. Kemu ya gazeti haina mteremko pale kwenye 9: ikate wima kama ukuta, ili gazeti lidondoke kwa kishindo.

Usipande kutoka 20 hadi 40 ndani ya sehemu moja tu. Mteremko unakuwa mkali mno na kijiti kinasukumwa pembeni badala ya kupanda. Sehemu mbili ndicho kiwango cha chini.

Na kosa kubwa kuliko yote: namba za ratiba ziandike kwenye kemu kinyume na uelekeo wa kuzunguka. Ukisimama ubavu wa kulia ukiutazama mkono, shafti yetu inakwenda kama mshale wa saa. Kwa hiyo ukiitazama kemu kutoka upande huohuo, namba zipande kinyume cha mshale wa saa. Ukizikosea, kisa kitachezwa kinyumenyume, na kijiti cha gazeti kitagonga ukuta na kuvunjika.

Toboa kitovu kwa kipenyo cha mpini. Kila kemu ishike kwa skrubu moja inayoingia kutoka ukingoni hadi kwenye shafti. Gundi bado. Utazisogeza kidogo kidogo jioni nzima.

Hatua ya 5: Vijiti vinavyopanda na kushuka

Kila kijiti cha mraba kinapita kwenye tundu la paa moja kwa moja juu ya kemu yake. Unene wa paa peke yake hautoshi kukiongoza. Gundisha kwa chini kipande cha mbao chenye tundu la mraba hadi mwongozo uwe na urefu wa sentimita 3. Tundu likiwa la mraba, kijiti hakizunguki. Ncha ya chini iviringe kwa msasa, kisha isugue mshumaa.

Dondosha kijiti kwenye tundu kikiwa peke yake. Kinapaswa kushuka kwa uzito wake bila kuguswa. Kikisita, tupa inaendelea.

Hatua ya 6: Wahusika

Mzee mchonge kwa mbao laini au mkate kwenye plaiwudi tabaka mbili. Uso uwe mdogo, kiasi cha milimita 20 kutoka kidevu hadi kofia, kwa sababu gazeti linapanda milimita 20 tu na linatakiwa kumfunika. Gazeti ni kipande cha bati kilichogundishwa karatasi ya gazeti halisi pande zote mbili, kimeshikizwa juu ya kijiti cha kwanza. Kingo za bati zipige tupa au zikunje. Bati la kopo linakata vidole vibaya.

Shingo ya mbuzi ni kipande kimoja na kichwa, kimepigiliwa msumari kifuani na kinacheza. Mbele ya msumari shingo ina milimita 60, nyuma yake acha mkia wa milimita 30. Spoki moja inashika mkia huo na kuunganika na kijiti cha pili. Kijiti kikipanda, mkia unapanda, pua la mbuzi linashuka karibu sentimita 4. Kwa kuwa kichwa ni kizito kuliko mkia, mbuzi atataka kubaki ameinama. Tundika nati mbili au tatu kwenye kijiti chake, zimrudishe.

Kichwa cha mzee kinakaa juu ya spoki inayopita katikati ya mwili hadi chini ya paa. Chini ikunje kama kiwiko, mkono wa sentimita 3. Kwenye shafti, usawa wa kiwiko hicho, funga skrubu ndefu iliyochomoza. Skrubu ikipita juu inakipiga kiwiko, kichwa kinageuka. Ikishapita, mpira wa kufungia noti unakirudisha. Skrubu hiyo iweke ili ipite kwenye 10.

Hatua ya 7: Mkono, na saa nzima ya kurekebisha

Funga mkono wa kuzungushia upande wa kulia. Cheza kisa polepole, kisha kwa mwendo wa mtu mwenye haraka. Kisogeze hiki, punguza kile. Usiendelee na sarafu mpaka kikaragosi kichekeshe kikiwa bila kufuli. Kufuli haliwezi kuokoa kisa kibovu. Linaongeza tu sehemu ya kukwama.

Ukiridhika, ndipo uweke gundi kwenye kemu.

Hatua ya 8: Kufuli

Kata gurudumu la nusu kipenyo milimita 60 na ulikaze kwenye shafti, karibu na ubavu wa kulia, ukiacha kati yao nafasi ya sahani ya sarafu. Ukingo wake ni duara kamili kutoka 0 hadi 11. Kuanzia 11 uanze kuzama polepole, na kwenye 12 uwe umezama milimita 6, kisha uishie kwa ukuta wima unaorudi juu. Kumbuka: kemu husomwa juu, lakini gurudumu hili husomwa chini, kwa sababu jino la kufuli linalikamata kutoka chini.

Wapo wanaokata pengo dogo la mraba badala ya mteremko. Mtu akizungusha kwa kasi, jino halipati muda wa kuingia, na anapata mizunguko mitatu kwa sarafu moja.

Sasa wenzo. Kata fito ya mbao ya sentimita 18 itakayolala chini ya gurudumu, kutoka mbele kwenda nyuma. Egemeo lake ni msumari ulio sentimita 7 nyuma ya usawa wa shafti. Mbele ya egemeo kuna vitu viwili: bolti fupi iliyosimama, ambayo ndiyo jino, na pembeni yake sahani ya bati yenye kuta ndogo pande tatu, mbele wazi. Nyuma ya egemeo funga bolti ndefu yenye nati; hizo ndizo mizani.

Sarafu ikianguka sahanini, wenzo unashuka, jino linaachia ukuta, mkono unazunguka. Heron wa Aleksandria, Misri, alieleza chombo cha namna hii katika karne ya kwanza: sarafu iliangukia kwenye sahani iliyo mwisho wa wenzo, wenzo ukafungua maji ya kunawia hekaluni, sarafu ikateleza, maji yakakata. Wazo lako lina karibu miaka elfu mbili.

Weka skrubu chini ya wenzo, iuzuie usishuke zaidi ya milimita 8 usawa wa jino. Sahani ikiwa chini iwe karibu bapa, sarafu isiteleze mapema. Tandika kipande cha blanketi sahanini ili sarafu isidunde ikaruka nje.

Kurekebisha: ongeza nati mpaka jino lipande lenyewe sahani ikiwa tupu. Kisha jaribu sarafu zote kumi, hasa zilizochakaa. Ikiwa hata moja haishushi wenzo, punguza nati moja au isogeze karibu na egemeo. Nyingi ya sarafu zetu hazifiki gramu 10, hivyo msumari wa egemeo lazima ucheze kwa urahisi kabisa.

Hatua ya 9: Njia ya sarafu na mfagio

Tundu liwe ubavu wa kulia, mbali na mzunguko wa mkono. Pima sarafu yako kwa rula. Njia iwe pana kuliko sarafu kwa milimita moja, na nafasi ya unene izidi kwa nusu milimita hadi moja. Njia ishuke kwa mshazari na iishie juu tu ya sahani. Sarafu ikidondoka kutoka juu sana, inadunda.

Sarafu lazima iondoke kabla ya mzunguko kuisha, la sivyo jino halitapanda. Mfagio ni spoki: ifunge kwenye shafti, sambamba na sahani, na ncha yake ivalishe ulimi wa mpira wa tyubu. Ulimi uipangushe sahani kwenye 9 na kuisukuma sarafu mbele, ianguke kwenye droo. Yaani kisanduku kikiwa kimefungwa, spoki hiyo inaelekea mbele.

Hatua ya 10: Kizuizi cha kurudi nyuma

Watoto watazungusha kinyume. Hawakosi. Kata gurudumu dogo lenye meno 12 ya msumeno, likaze kwenye shafti, na uegemeze juu yake ulimi wa plastiki ya dumu uliopigiliwa ukutani. Mbele meno yanapita yakilia, nyuma yanagota. Lipange ili kisanduku kikiwa kimefungwa shafti iwe na mchezo mdogo, yaani nafasi ya kutikisika, wa milimita mbili tatu ukingoni mwa gurudumu la kufuli. Sababu utaiona hapo chini.

Hatua ya 11: Kioo na maandishi

Ziba mbele kwa plastiki angavu au kioo chenye kingo zilizosuguliwa. Usiifiche mitambo! Nusu ya raha ya mtazamaji ni kuona kemu ikimwinamisha mbuzi. Andika kwa herufi kubwa: WEKA SARAFU KWANZA, KISHA ZUNGUSHA. Sarafu ni hatari kwa mtoto anayetia vitu mdomoni, kwa hiyo droo ifungwe.

Jambo moja la sheria. Kila atakayelipa apate kisa kilekile, bila zawadi na bila bahati nasibu. Mashine ya sarafu inayotoa ushindi ni mchezo wa kubahatisha, na Tanzania hiyo inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ukumbi wa mashine za sarafu kama Novelty Automation, aliofungua mhandisi Tim Hunkin jijini London mwaka 2015, unaonyesha kuwa watu hulipa kwa furaha ili wachekeshwe tu.

Ikigoma

*Sarafu imeingia lakini mkono hauzunguki.* Mara nyingi mtu ameanza kuusukuma mkono kabla ya kuweka sarafu. Ukuta unalibana jino, na gramu chache za sarafu hazishindi msuguano huo. Akiuachia mkono, ule mchezo mdogo wa hatua ya 10 unaliachia jino. Sugua ukuta kwa msasa laini na mshumaa. Ikiendelea, ukuta umeinama ndani na unalivuta jino juu. Upige tupa usimame wima.

*Inazunguka bila sarafu.* Nati zimepungua, au sarafu ya mwisho bado iko sahanini. Angalia ulimi wa mfagio kabla ya kugusa mizani.

*Inapita kufuli bila kusimama.* Anza mteremko kwenye 10 badala ya 11.

*Kijiti kinasita kikipanda.* Mteremko mkali, au mwongozo umevimba kwa unyevu. Ukanda wa pwani hili hutokea kila masika. Pitisha msasa, paka vanishi nje ya sanduku, ndani acha mshumaa.

*Mbuzi anatetemeka.* Spoki yake ina mchezo kwenye mkia. Bana kitanzi kwa plaisi, lakini kidogo kidogo.

*Kichwa cha mzee hakirudi.* Mpira umechoka. Joto huuchosha haraka, hivyo weka wa akiba ndani ya sanduku, au ubadilishe na springi nyembamba ya kalamu.

*Sarafu inakwama njiani.* Karibu kila mara ni unyuzi wa mbao au tone la gundi. Fungua njia, pitisha msasa, jaribu tena kwa sarafu iliyochakaa kuliko zote ulizonazo.

*Watu wanaweka washa (vile vibati vya duara vya bolti) badala ya sarafu.* Kama uzito wake unalingana, wenzo hautajua tofauti. Kata dirisha dogo la kioo kando ya njia ya sarafu, kila inayoshuka ionekane na waliosimama karibu.